Hema la Wageni wa Serengeti

Kilichomtatiza Kuruthumu kwanza ni kwamba hema lile lilikuwa limechanwa kutoka ndani. Alikuwa fundi wa kushona mahema, kazi aliyofundishwa na baba yake, na hapo nyumbani kwake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, alikwisha kuletewa matundu ya kila namna: ya miiba, ya cheche za moto, hata ya meno ya fisi. Lakini mpasuko huu, mrefu kuliko mtu, ulikuwa wa kisu cha mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka. Na mlango wa hema, pale pale pembeni, ulikuwa mzima na kamba zake.

Aliyelileta alikuwa Elisaria, Mchaga wa Machame, rafiki wa siku nyingi wa Seifu mumewe. Kila kipupwe Elisaria aliongoza vikundi vidogo vya watalii wa Kizungu, akiwachukua bandarini wanaposhuka melini na kwenda nao kwa lori hadi mbuga za Serengeti. Kipupwe hicho cha mwaka 1956 alirudi amekonda. Alisema kikundi kingine kinaondoka Jumamosi, hema linahitajika. Kuruthumu alipouliza nani kalichana, Elisaria alitazama pembeni.

"Ni mimi, shemeji. Ukilishona, shonea nje."

Hakueleza kwa nini, na Kuruthumu aliyachukua kuwa maneno ya mtu asiyejua ushonaji. Mpasuko wa namna ile usiposhonwa kwa ndani, mvua ya kwanza tu inapita. Kesho yake mchana, Seifu akiwa kazini bandarini na watoto wako kwa bibi yao, alilisimamisha hema uani, akaingia na sindano yake ya turubai.

Ndani kulikuwa na harufu. Si ya papa mkavu wa jirani wala ya maji ya mfereji aliyoizoea, bali ya majani yaliyonyeshewa na ngozi ya mnyama aliye hai. Halafu baridi. Alipopumua, pumzi yake ilitoka moshi, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe Dar es Salaam. Akajiambia amalize upesi. Kadiri mpasuko ulivyofungwa ndivyo kelele za mtaa zilivyopungua, kwanza wauza ndizi, kisha cherehani ya jirani, kisha kunguru. Alipofunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno, palikuwa kimya kabisa.

Akageuka atoke. Hapakuwa na mlango.

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikosea mwenyewe, akaanza kupapasa turubai kwa viganja, akazunguka pembe ya kwanza na ya pili akitafuta pazia la mlango, akarudi kwenye mshono alioumaliza sasa hivi ili aufumue, na mshono nao haukuwepo, turubai lilikuwa laini kama halijawahi kuguswa na sindano, na nyuma yake, mahali ambapo hapakuwa na kitu, vijiko vilianza kugonga sahani, polepole, kama watu wanaokula bila njaa, na hakuthubutu kugeuka.

"Kuruthumu," sauti ya Seifu ikamwita. "Umekwisha karibishwa. Kaa ule."

Hapo ndipo alipojua kwamba si mumewe. Tangu wazae, Seifu hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mama Sabaha.

Seifu mwenyewe alirudi jua likiwa linaelekea kuzama. Alikuta mlango wa hema umefunguliwa wazi, na ndani mkewe anazunguka akipapasa kuta. Mke alifika mlangoni, akapapasa hewa kana kwamba ni turubai, akapita. Seifu alimwita, mke akaziba masikio. Viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Seifu alitaka kuingia, lakini Bi Mgeni, mganga wa nyumba ya pili, aliyekuwa amekuja kuomba moto, alimshika shati.

"Ukiingia mtakuwa wawili," alimnong'oneza. "Kamwite aliyelileta."

Elisaria alikuja mbio, na pale pale uani, kwa sauti ya chini, akasimulia. Safari ile walipiga kambi kwenye chemchemi moja ambayo wafugaji wa huko walimwambia si mahali pa kulala. Kulikuwa kumekuchwa na baridi ni kali, wageni wamechoka, akaona ni maneno tu. Asubuhi aliwakuta wote wamekaa mezani ndani ya hema hili, wanalia, wakimwomba awaonyeshe njia, na mlango uko wazi nyuma yao. Alipoingia kuwatoa, naye mlango ukampotea. Kisu ndicho kilichowaokoa. Walilitupia hema kwenye lori, wakaondoka bila kutazama nyuma.

Bi Mgeni alifukiza ubani mlangoni mwa hema, akasalimia, akauliza nani yumo. Kuruthumu alisimama. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamume, ya upole, ya mtu mwenye nyumba yake.

"Walikuja kwangu, wakalala kwangu, wakanipasulia ukuta, wakaondoka bila kuaga."

"Huyu hakulala kwako," alisema Bi Mgeni. "Unataka nini?"

"Aliyewaleta aje aage."

Seifu alimgeukia rafiki yake. Elisaria alikuwa na watoto wadogo, na hakuna ambaye angemlaumu kama angegeuka akaenda zake. Alitazama viganja vya Kuruthumu kwa muda.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nyumbani kwako, si hapa. Mwachilie shemeji."

Kuruthumu akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akamwangukia mumewe, na kelele za Kariakoo zikamrudia masikioni zote kwa mpigo.

Elisaria aliiambia kampuni iliyomwajiri kwamba hema limeharibika, akapakia turubai lile kwenye lori, Seifu akamsindikiza. Huko chemchemini alilisimamisha, akaingia peke yake. Seifu, aliyeagizwa na Bi Mgeni asishuke, alimsikia akizungumza kwa heshima, kama mtu anayeomba ruhusa kwa mkwe. Alikaa mno. Mwishowe alitoka akitabasamu, akasema wameagana vizuri, na hema wakaliacha pale pale. Kuruthumu alipoletewa habari hizo alilala usingizi wa kwanza tangu siku ile.

Watalii waliendelea kuja, Elisaria akaendelea kuwaongoza, na pale chemchemini hakupiga kambi tena. Kipupwe kikaisha.

Mvua za vuli zilipoanza, bonde la Jangwani likijaa maji, mkewe Elisaria, Scholastika, alikuja asubuhi moja kwa Kuruthumu. Alisimama kizingitini bila kubisha hodi, khanga imelowa.

"Mume wangu yuko chumbani," alisema. "Mlango uko wazi, dada. Lakini ananiita, ananiuliza mlango uko wapi."

Kuruthumu hakuuliza zaidi. Walikwenda kwa haraka katikati ya matope, wakapita barazani, wakafika chumbani. Elisaria alikuwa amevaa nguo za safari. Alikuwa akipapasa ukuta wa chokaa, taratibu, bila fujo, kama mtu aliyekwisha kuzunguka mara nyingi. Scholastika alibaki nje, akilia ndani ya khanga. Kuruthumu alivuka kizingiti, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

Elisaria alimtazama, akashangaa, na kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na mwenye nyumba, akamwuliza, "Shemeji, wewe umeingilia wapi?"

Kuruthumu akageuka amwonyeshe mlango.