Geti Lilisema Hayumo

Mimi siogopi kitu, hapa kaskazini mwa Sweden nimewahi kupasua mwamba kwa kifua. Lakini ya Stig, mchimba chuma mwenzangu, yananinyima usingizi.

Stig aliwauzia wadukuzi neno la siri la geti la handaki, geti linaloyaambia matingatinga yasiyo na dereva kwamba kuna mtu ndani. Wakalidanganya geti likasema hamna mtu, na Aila, mchimbaji mwenzetu aliyekuwamo, akasagwa. Stig akaapa kwamba Aila alizembea mwenyewe.

Geti likatengenezwa, neno la siri likabadilishwa. Stig akashuka kufuata chupa yake ya kahawa. Taa zikazimika, giza la kutafuna kwa meno. Akasikia magurudumu yanakuja, kru, kru, kru.

"Birgitta, zima mashine, nimo ndani," akamwita redioni msimamizi wa mashine aliyeko juu.

"Acha utani, mzee. Geti linasema umeshatoka."

"Nimo, dada yangu!"

"Mbona kwenye skrini sioni mtu?"

Akajibana ukutani, chuma kikamchuna bega.

Siku hizi namvusha barabara kama mtoto. Basi lisilo na dereva hunisimamia mimi, yeye halimwoni. Jana nilimwachia mkono katikati ya barabara, nikatangulia. Basi likaanza kwenda.