Upande wa Chini wa Gogo

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akala kilichobaki jikoni, kisha akachukua ndoo kwenda bombani. Akishajaza mapipa, ndipo ilipoanza kazi aliyoichukia kuliko zote. Nyuma ya nyumba, kando ya karakana ya baba yake, yalilala magogo makubwa yakimngoja kama wageni wasiojua kuaga.

Chiriku halikuwa jina lake halisi. Aliitwa hivyo kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza.

Magogo yale yalikuwa mti mmoja uliosimama miaka mingi kwenye kituo cha mabasi. Dhoruba iliuangusha ukaziba barabara. Wafanyakazi wa barabara waliukata vipande ili magari yapite, wakasema anayetaka auchukue. Watu wengi waliona kuni. Baba yake Chiriku, aliyekuwa seremala, aliona mbao. Bei ya mbao ilikuwa imepanda mno, na karakana yake ilikuwa haina hata kipande cha kutengenezea kigoda. Randa na patasi zilikaa zikishika kutu. Siku hiyo aliazima trekta la jirani, akayakokota magogo mpaka nyumbani.

"Tukiyapasua vizuri na kuzikausha mbao taratibu, karakana itafunguka tena," alimwambia mkewe.

Tatizo lilikuwa misumari. Kila mwenye tangazo alikuwa amelipigilia kwenye mti ule: fundi viatu, mwalimu wa masomo ya ziada, mtu aliyepotelewa na mbuzi. Karatasi zilikwenda na mvua, misumari ikabaki, na mingine ilikuwa imemezwa kabisa na gome.

"Msumeno wa injini haupatani na msumari," baba alimweleza Chiriku. "Pitisha sumaku kila mahali. Ikishika, weka alama ya chaki, halafu ng'oa kwa koleo. Usiruke hata sehemu moja."

Sumaku yenyewe ilitoka kwenye spika ya redio mbovu. Ilikuwa nzito, na kila ilipoganda kwenye msumari ilimbana kidole. Misumari nayo ilikuwa na ukaidi. Mingine ilikatika kichwa, mingine ilipinda, na mingine ilitoka ghafla ikamwangusha chali. Siafu walipanda miguuni. Magome yalimchubua viganja. Na wakati huohuo, ng'ambo ya ua, wenzake waliruka kamba wakicheka.

"Chiriku! Siku hizi umekuwa mchwa?" rafiki yake alimpigia kelele. "Njoo tucheze, acha kutafuna magogo!"

"Nakuja sasa hivi!" alijibu. Lakini hiyo sasa hivi haikufika.

Likabaki gogo la mwisho, nene kuliko yote. Juu na ubavuni alilimaliza. Upande wa chini ulikuwa umelalia udongo, na hakuwa na nguvu za kulibiringisha.

"Baba, njoo tuligeuze gogo," alisema akiwa mlangoni mwa karakana.

"Subiri kidogo, mwanangu. Nachonga mpini huu, mwenyewe anausubiri."

Kesho yake alimwomba tena. Baba alikuwa anatoka. Siku iliyofuata alimkuta na mgeni, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka jua likaanza kushuka na sauti za kamba zikapotea ng'ambo ya ua. Alilipiga gogo teke, akaumia kidole, machozi yakamlenga kwa hasira.

Baba alipotoka hatimaye, alimwuliza, "Umefika wapi?"

"Nimemaliza."

"Yote?"

"Yote, baba."

"Hata lile kubwa?"

"Hata lile."

Baba alimpapasa kichwa. "Mwanangu una mikono ya fundi." Akaenda kumwita mpasuaji mbao.

Mpasuaji huyo aliitwa Mzee Radi kwa sababu ya ngurumo ya msumeno wake. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao, na walizoea kutaniana mpaka watu wakadhani wanagombana. Alifika Jumamosi asubuhi, msumeno begani.

"Seremala, magogo ni safi?"

"Safi kuliko shati lako. Binti yangu ameyakagua yote."

Kazi ilianza vizuri. Mzee Radi alifunga juu ya gogo ubao ulionyooka ili uwe njia ya msumeno, akapasua. Mbao zilitoka pana, nyekundu kama udongo wa mfinyanzi, na unga wake ukatapakaa miguuni mwao. Baba aliimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Kisha wakafikia gogo la mwisho. Walilibiringisha kwa mtaimbo, upande wa chini ukaja juu, bado una udongo. Chiriku aliutazama. Mdomo usiokosa neno ulikosa neno. "Pengine hakuna kitu," alijisemea moyoni.

Mzee Radi alivuta kamba ya injini. Msumeno ulizama kwenye gome, ukanguruma, halafu ukapiga ukelele wa chuma. Cheche ziliruka. Mnyororo ulikatika ukamchapa mzee kwenye muundi wa mguu. Suruali ilichanika, damu ikatoka.

"Uliniambia ni safi!" Mzee Radi alifoka akiwa ameketi chini.

"Ni safi! Mnyororo wako ndio umechoka. Nimekuambia siku nyingi uubadilishe!"

"Mnyororo wangu? Hizo cheche zimetoka kwenye mnyororo? Huyo mtoto wako amekudanganya!"

"Usimwite mwanangu mwongo nyumbani kwangu!"

Mama alikuja mbio na maji ya moto na kitambaa, akamfunga jeraha. Mzee Radi alimshukuru mama, akabeba msumeno wake, akaondoka akichechemea bila kumuaga baba.

Jioni walikaa kula. Baba alisukuma sahani. "Mtoto amechubuka vidole siku zote hizi, halafu mtu mzima mzima anamsingizia!"

Kila neno la kumtetea lilimchoma Chiriku kuliko fimbo.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na hujagusa chakula?"

Siku iliyofuata baba alijaribu kulipasua gogo kwa msumeno wa mkono. Alisukuma na kuvuta, jasho likimtiririka, na msumeno haukuzama hata upana wa kiganja. Aliutupa chini. "Likikaa hivi litaliwa na wadudu, na sina mpasuaji mwingine," alisema, akaingia ndani.

Chiriku alichukua patasi na nyundo. Alichimba pale cheche zilipotoka. Haikuwa kazi ndogo, lakini mwishowe patasi iligonga chuma. Ulikuwa msumari mnene wa kushikilia bango, umejikunja ndani ya mti. Aliung'oa, akaenda nao ndani.

"Baba," alisema. "Mzee Radi hakusema uongo. Mimi ndiye niliyesema. Upande wa chini sikuukagua."

Baba aliuchukua msumari, akaugeuza, akamrudishia. Chiriku alisubiri ukelele. Haukuja.

"Uliniita tuligeuze," baba alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikakuambia usubiri. Na siku ya kazi sikuangalia mwenyewe." Aliinuka. "Lakini 'yote' uliisema wewe. Vaa viatu."

Walimkuta Mzee Radi ameketi barazani kwake, mguu ameuweka juu ya kigoda. Hakuwakaribisha.

"Shikamoo, mzee," Chiriku alisema.

"Marahaba."

Alimnyooshea msumari kwa mikono miwili. "Ulikuwa upande wa chini. Nilisema nimemaliza na nilikuwa sijamaliza. Nisamehe, mzee. Baba hakujua."

Mzee Radi aliupindua msumari mkononi. "Unajua mnyororo ungerukia wapi kama ningeinama zaidi?" aliuliza. "Usoni. Mnyororo nitapata mwingine. Jicho haliuzwi dukani."

Chiriku alilia. Mzee hakumbembeleza, wala hakuendelea kumgombeza. Alimgeukia baba.

"Na wewe? Mnyororo wangu umechoka?"

"Mdomo wangu ndio uliochoka, ndugu yangu," baba alisema. "Nimekukosea. Mnyororo nitaulipa."

"Utaulipa, ndiyo. Na lile shati langu uliloliita chafu utalifua." Kwa mara ya kwanza uso wa mzee ulilegea. "Mguu ukipona nitakuja. Lakini nikifika, nitamwuliza mtoto, sitakuuliza wewe."

Baba hakusema tena subiri. Kila jioni aliweka zana chini, wakaligeuza lile gogo lililobaki kwa mtaimbo, na Chiriku akapitisha sumaku juu, chini na kwenye ncha. Kazi haikuwa tamu kuliko zamani. Sumaku iliendelea kubana vidole, siafu waliendelea kuuma, na mara nyingi alinung'unika. Lakini hakuruka sehemu.

Siku Mzee Radi aliporudi, alishika kamba ya injini, akamtazama. "Tayari?"

Chiriku alipapasa gogo kwa mara ya mwisho. Karibu na fundo la tawi, sumaku ilivutika kidogo tu. Jua lilikuwa limekwisha panda, na watu wazima wawili walikuwa wanamngoja.

"Bado," alisema.

Baba alivuta pumzi, akaketi. Mzee Radi akaketi pia. Walingoja mpaka msumari mdogo uliokatika kichwa ukatoka. Ndipo msumeno ukanguruma, na gogo likafunguka kutoka mwanzo hadi mwisho bila cheche.

Mbao walizipanga kivulini, juu ya mawe, zisiguse ardhi. Kati ya tabaka na tabaka waliweka vijiti ili upepo upite, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja, kwa sababu kikikaa kombo, ubao nao hukauka kombo. Ncha walizipaka rangi zisipasuke, juu wakafunika kwa mabati na mawe mazito. Ilibidi wangoje miezi mingi. Chiriku alichoka kungoja, akauliza kila wiki, na kila wiki baba aliinua ubao, akaupima uzito mkononi, akaurudisha.

Mbao zilipokauka, zilitoka zimenyooka. Sauti ya randa ilisikika tena karakanani, na wateja wakarudi. Mzee Radi alikuja kutazama, akapitisha kiganja juu ya meza ya kwanza.

"Chiriku," alisema, "watu wengi wanaona aibu kusema bado. Wanadhani wataitwa wavivu. Basi wanasema tayari, na mtu mwingine anaumia kwa ajili ya neno hilo. Neno 'bado' halijamtoa mtu damu. Kazi ikikushinda, sema imenishinda. Ikibaki, sema imebaki. Atakayekuheshimu ni yule anayefanya kazi na msumeno mkononi, kwa sababu yeye ndiye anayeiamini kauli yako kwa mwili wake."

"Nimesikia, mzee," Chiriku alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa Chiriku, akaongeza, "Na baba naye amesikia?"

"Nimesikia," baba alisema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye randa.