Feza, Sauti ya Kasongo

— Chagua, Feza. Miye ao ngoma.

Lukumani aliyasema hayo uani kwa kina Feza, mahari ikiwa imekwisha pokewa. Alikuwa seremala, mtu mpole, lakini wivu ulikuwa umemshika. Feza alikuwa mwimbaji wa harusi, na katika mji mzima wa Kasongo hapakuwa na sauti ya juu kama yake. Akipaza tu, wanaume barazani kimya.

— Kila mutu anakusikia, Feza. Miye nitakuwa nani?

— Utakuwa mume wangu. Lakini Mungu alinipa sauti mbele ya kunipa weye. Chukua mahari yako.

Mama yake alilia siku tatu. Feza hakulia mbele ya mtu.

Aliimba miaka sita. Akaitwa mpaka Kabambare, safari ya siku nyingi kwa miguu, na huko nako wakamlilia asiondoke. Wachumba walikuja, akawakataa. Lukumani naye hakuoa.

Kisha ndui ikaingia mjini. Feza alipona, lakini uso ulijaa makovu, na ile sauti ya juu ikakatika kabisa. Akajifungia ndani, hataki kuona mtu.

Asubuhi moja mama akamwambia:

— Lukumani iko mlangoni.

Feza akajifunika ushungi, akatoka.

— Umekuja kwa kuwa sasa hakuna wa kunisikia? Leo ndiyo nafaa kuolewa?

Lukumani akaketi chini, palepale vumbini.

— Nastahili maneno hayo. Kila harusi uliyoimba hapa, miye nilisimama nyuma ya ua nikikusikiliza. Nilikuwa mjinga, Feza. Nisamehe. Nataka kukuoa, lakini iko sharti moja.

— Sharti tena!

— Uimbe kwenye harusi yetu.

— Kwa sauti gani? Imebaki hii ya chini, inakwaruza.

— Hiyohiyo.

Wali ukaanza kuungua jikoni, Feza hakwenda kuuepua.

— Na baada ya harusi?

— Popote watakapokuita, nitakusindikiza mwenyewe.

Akafunua uso. Lukumani hakugeuza macho.

Siku ya harusi Feza aliimba. Alipofika penye sauti ya juu, akakwama. Wanawake wakaudaka wimbo, wakaupandisha wote pamoja, naye akiushikilia kwa chini. Machozi yakamtoka hadharani, mara ya kwanza.

Barazani wanaume walinyamaza. Bwana harusi ndiye aliyeita:

— Tena, mke wangu! Tena!