Rili Ndogo Kwenye Fimbo Ndefu

Rili ya kwenye kona ilizunguka yenyewe mchana kweupe, duka likiwa wazi na feni imezimwa. Ilisema trrr, kidogo tu, ikanyamaza. Mwenye duka aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha chai akajiambia ni panya. Panya hazungushi rili, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini mwenye lake moyoni huwa mwepesi wa kumsingizia panya.

Wateja walimwita Mizani kwa sababu ya mbwembwe zake. Mtu akija kutaka fimbo ya kuvulia ufukweni, humtolea fimbo ndefu, humfungia rili, ile mashine ya kukunjia mshipi, kisha huilaza fimbo juu ya kidole kimoja. Ikitulia bila kuinama mbele wala nyuma, husema, "Hawa wameoana. Talaka hakuna." Watu hucheka, hununua, huenda zao.

Fimbo ya kwenye kona ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, na Mizani ndiye aliyemchagulia. Bahari ilimchukua kijana, ikaitema fimbo, na mama mkwe akaileta dukani kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaa nayo wewe, mwanangu. Mimi siwezi kuiona nyumbani."

Kisha akafuta macho, akarudia aliyokuwa akiyasema tangu msibani: kwamba mwanawe aliponzwa na ukaidi, kwamba wenzake walimwita arudi naye akazidi kuingia majini hadi kifuani, na sikio la kufa halisikii dawa. Mizani aliitikia kwa kichwa. Aibu ilimpanda usoni kama joto la jiko, na bado akaitikia.

Tangu hapo duka likaharibika hewa. Kwanza ilikuja harufu ya mwani uliooza, hata sabuni haikuifukuza. Halafu sakafu ya pale konani ikawa haikauki. Wateja waliingia, wakakunja pua, wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka.

Jioni moja, alipokuwa akifunga madirisha, rili ilianza tena, na safari hii haikunyamaza, ilizunguka bila kukata, na mshipi ukatoka wenyewe ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya kabati, ukapita kati ya miguu yake ukiwa umelowa na wa baridi, ukatoka mlangoni ukiwa umekazwa kabisa, kana kwamba huko upande wa pwani kuna kitu kimeushika na kinauvuta kwa subira, na ncha ya fimbo ikainama taratibu, na kutoka ndani ya mpini ikaja sauti nyembamba, ya mtu mwenye maji mdomoni, ikisema, "Nichagulie."

Alifika nyumbani viatu mkononi.

"Dukani kuna jinni," alimnong'oneza mkewe. "Linasema nilichagulie."

"Ulichagulie nini?"

"Sijui."

Alijua sana.  Kesho yake mkewe akamleta mganga.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye kifuko kidogo na pumzi fupi. Alifunga mlango wa duka, akafukiza ubani, akamkalisha mke mkekani.

"Litapanda kwake, maana marehemu ni ndugu yake," alimwambia Mizani kwa sauti ya chini. "Usiogope, mwanangu. Aliyepandwa hasikii kitu, na akizinduka hakumbuki."

Mizani aliyasikia maneno hayo na moyo wake ukatulia kidogo, na kwa kutulia huko akazidi kujidharau.

Mabega ya mkewe yakatetemeka. Kichwa kikaanguka kifuani. Pale konani mshipi ukaanza kutambaa.

"Nichagulie," mke akasema, sauti nzito.

"Mchagulie," mganga akanong'ona. "Usibishane naye."

Mikono ya Mizani haikuhitaji kufikiri. Ilichukua fimbo ndefu, ngumu mgongoni na laini nchani, ikachukua rili kubwa yenye kina, inayobeba mshipi wa kutosha kurushwa kupita kabisa pale mawimbi yanapovunjika. Akavifunga, akavilaza kidoleni. Vikatulia tuli.

"Kwa nini hukunipa hii?" mke akauliza kwa sauti ile ile nzito.

Kulikuwa na uongo tayari ulimini. Lakini fimbo ya konani ilikuwa imepinda kama upinde, harufu ya mwani ikimkaba koo, na tena, aliwaza, nani anasikia?

"Ile rili ndogo niliyokufungia ilikaa sana kabatini," akasema. "Ni rili ya mtoni. Nilitaka tu itoke."

"Ilitulia kidoleni. Niliiona."

"Nilificha chubwi ndani ya mpini. Ile risasi ya kuzamishia mshipi. Bila hiyo ncha ingeanguka." Machozi yalimtoka. "Mshipi ulikuwa mfupi. Wewe ukaingia majini kutafuta umbali ambao sikukupa. Haukuwa ukaidi. Ni mimi."

Rili ya konani ikalia kwa nguvu, mshipi ukakimbia mlangoni hadi ukaisha, ukakatika. Fimbo ikanyooka. Harufu ikatoweka.

"Limekwenda!" Mizani akapiga magoti mkekani. "Mke wangu, zinduka, limekwenda."

Mkewe akainua kichwa. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti ilikuwa yake.

"Hakunipanda mtu."

Mizani akamgeukia mganga. Yule mama alikuwa akirudisha vitu kifukoni bila kumtazama.

"Jinni lilikuwa kwenye fimbo," akasema. "Kwa mkeo halikufika. Yeye ndiye aliyeniomba niseme vile."

"Uliposema linataka uchague, nikajua kuna ulilomfanyia mdogo wangu," mke akasema. "Chukua hiyo fimbo na kisu. Utaupasua mpini mbele ya mama."

"Kesho, mke wangu. Nakuomba."

"Leo."

Mizani alibeba fimbo na kisu, wakaenda kwa miguu. Mama mkwe alikuwa barazani na majirani wawili. Alipomwona mkwewe alinyanyuka kwa shida, akampisha kiti chake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nawaambia hawa," akasema. "Unisamehe. Ulimpa fimbo nzuri vile, na yule mkaidi wangu akaja kuiharibia jina."