Kivuli cha Jiwe la Tatu

Kila siku ya saba, baada ya sala ya adhuhuri, Zuwaina alikuwa na kazi moja: kungoja kivuli. Kijijini kwetu maji ya mfereji hugawanywa kwa muda. Kwenye uwanja wa mfereji pamesimama nguzo ya mti, na chini yake mawe yamepangwa mstari. Kivuli cha nguzo kikigusa jiwe la pili, maji ni ya Mzee Masud. Kikigusa la tatu, inaanza nusu saa ya Bibi Raya, bibi yake Zuwaina mzaa mama. Hapo Zuwaina hunyanyua kizibo cha jiwe kilichofungwa matambara, na maji huingia shambani kwao.

Saa hiyo ya joto kijiji kizima hulala, pamoja na Mzee Hamdun mgawa maji, ingawa mwenyewe hukana. Zuwaina alitumbukiza miguu mferejini, akasikiliza maji yakinong'ona chini ya mitende, na mawazo yakamchukua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa nusu yake imelala. Aliuona mdimu wake mchanga, alioupanda kwa mbegu, umekuwa mti mkubwa. Aliwaona wanawake wa bonde la pili wakija na vikapu kuomba ndimu, naye akiwagawia bila kuhesabu.

Kivuli kilipobakiza upana wa kidole kufika kwenye jiwe, alinyanyua kizibo. Mdimu ulikuwa na kiu, na kidole kimoja ni nini? Alifanya hivyo majira mawili ya joto, na maji hayakumsema.

Upande wa chini, kipande cha mwisho cha shamba la Mzee Masud kilianza kukauka. Macho yake hayakuwa yakikiona kivuli tena, kwa hiyo aliilaumu ardhi. Alidhani imechoka. Alibeba samadi ya mbuzi mgongoni, kikapu baada ya kikapu, na alipopita karibu na Zuwaina alimsifu kwa adabu yake ya kusalimia.

Basi mwaka huo Bibi Raya alimwita wakili. Hakuwa mgonjwa. Alisema wosia ni kama mzigo wa safari, hufungwa kabla ya siku ya kuondoka. Wakili Azza alifika kutoka mjini siku ya Alhamisi, akaketi mkekani pamoja na mashahidi wawili, Mzee Hamdun na mwalimu wa shule. Zuwaina alimimina kahawa na kupitisha sahani ya tende.

Wakili alieleza taratibu. Nyumba na mitende vitagawanywa kwa watoto wa Bibi kwa mafungu ya sheria, na wosia haubadilishi hilo. Lakini Bibi anaweza kumwachia asiye mrithi sehemu ya mali yake, isiyozidi theluthi.

"Nusu saa yangu ya maji nampa Zuwaina," Bibi akasema. "Yeye ndiye anayelitunza shamba."

Wakili alipiga hesabu, akaona haizidi. Zuwaina alijawa na furaha. Nusu saa nzima, yake mwenyewe! Mdimu usingekuwa na kiu tena.

"Ila kabla ya unachotoa, mama, tuandike kwanza unachorudisha," wakili akasema. Ndivyo wosia wa kwetu unavyoanza. "Je, una chochote cha mtu?"

Bibi alifikiri. Alisema hakumbuki kuchukua hata kokwa ya tende. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Lakini miaka miwili hii, mkono wangu mferejini ni wewe. Nitatia dole gumba hapa mbele ya Mungu. Nikisema hatuna maji ya mtu, nitakuwa nimesema kweli?"

Kupitia dirishani Zuwaina aliiona nguzo, na kivuli chake kikisogea polepole. Hakuna aliyemwona. Neno moja tu, na nusu saa ni yake. Lakini neno hilo Bibi angekwenda nalo kaburini akidhani ni kweli. Zuwaina aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Si kweli, Bibi," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa nafungua mapema. Kidole kimoja, kila zamu. Maji ya Mzee Masud."

Mzee Hamdun aliinamisha kichwa, maana alijua alikuwa wapi saa hizo. Bibi hakugomba, na hilo lilimuuma Zuwaina zaidi. Alimwambia wakili aandike kwamba, atakapokufa, Masud alipwe kutoka kwenye ile nusu saa ya Bibi.

Wakili akaweka kalamu chini. "Naweza kuandika, mama. Lakini kwa nini asubiri kifo chako, na nyinyi mna miguu?"

Wakaenda, Bibi na mjukuu wake. Mzee Masud alikuwa akimwaga samadi. Zuwaina alisema yote mwenyewe, na mzee akaketi juu ya kikapu chake.

"Kumbe ardhi yangu haina kosa," akasema taratibu. "Nami nimeibebesha lawama bure." Akamgeukia Zuwaina. "Msamaha nakupa leo, binti. Na maji nayataka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni changu. Majira mawili utafungua kidole kimoja baada ya jiwe."

Waliporudi, Bibi alimwambia wakili aache wazi mstari wa maji mpaka deni liishe. Wakili akafunga mkoba wake, akaondoka.

Majira mawili ni marefu. Mdimu ulipukutisha majani, na Zuwaina aliunywesha maji ya kuoshea mchele, bakuli kwa bakuli. Bado aliota mchana, kwani ndivyo alivyoumbwa, lakini sasa aliota macho yakiwa kwenye kivuli. Zamu ya mwisho Mzee Masud alikuja mwenyewe na fimbo yake. Kipande chake cha mwisho kilikuwa kijani. "Umemaliza," akamwambia. "Kuanzia sasa, fungua kwenye jiwe."

Wakili Azza akaitwa tena. Kahawa ilimiminwa, mashahidi wakaketi, na swali likaulizwa lile lile.

"Bibi, hatuna maji ya mtu," Zuwaina akajibu.

"Rudia, wakili aandike."

Akarudia. Ndipo Bibi akasema ule mstari ulioachwa wazi ujazwe, na jina la Zuwaina likaandikwa. Bibi akatia dole gumba, akafuta wino kwa kitambaa.

"Watu hudhani wosia ni kugawa ulivyo navyo," akamwambia mjukuu wake. "Kwanza ni kurudisha visivyo vyako. Na kurudisha, mjukuu wangu, usimwachie wakili wala mauti. Rudisha ungali unatembea."

Nje adhuhuri ilikuwa imepita, na ilikuwa siku ya zamu. Zuwaina alikwenda mferejini, akatumbukiza miguu, akatazama. Kivuli kilikuwa kimebakiza kidole kimoja. Alikunja mikono mapajani, akangoja.