Paka Wangu Alimlalia Mwanangu Mguuni, Wakaniita Mchawi

Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Kisarawe. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo wasomaji wenzangu mnivumilie nikiandika kama ninavyosema.

Mume wangu alipofariki, mwanangu wa pekee, Hamisi, alinichukua nikaishi kwake Misugusugu, Kibaha. Nilikwenda na nguo zangu na paka wangu, Chausiku. Paka huyo alimlalia marehemu miguuni mpaka alipokata roho, na zamani hata hawakuwa na mazoea! Jambo hilo nilimsimulia mkwe wangu, Sada, tukichambua mchicha. Laiti ningejua...

Basi Chausiku akamgeukia Hamisi. Akirudi kazini tu, paka mguuni! Ananusa dole gumba la kushoto, analia, analilalia. Nikamwambia mwanangu avue soksi. Alikuwa na kidonda. Akasema ni kiatu tu, wala hakiumi. Kidonda gani kisichouma?

"Mwanangu, nenda hospitali ukapime. Paka huyu halali bure juu ya mtu."

Sada akaangusha mwiko, akamgeukia mumewe. "Umesikia, baba Asha? Kammaliza mumewe, sasa anakutaja wewe!"

Ndugu zangu... mtoto niliyemzaa mimi hakunitetea! Hospitali hakwenda. Walikwenda kwa mganga, naye akasema adui yumo humo humo ndani, mwanamke mtu mzima mwenye mnyama. Nani tena kama si mimi?

Hamisi akamtia Chausiku kwenye kiroba, akaniwekea barazani pamoja na nguo zangu. "Mama, rudi kwenu kabla watu hawajakuchoma." Majirani wamesimama wanatazama. Mmoja akatema mate. Nilipita katikati yao kichwa juu, lakini moyoni... acheni tu!

Huku nyuma mganga anapaka dawa, mguu unaoza. Walipomfikisha hospitali, wakaambiwa ni sukari, tena ya siku nyingi. Wakamkata mguu. Wapi! Sumu ilishaingia kwenye damu.

Aliniita. Nilimkuta amebaki macho tu.

"Nisamehe, mama," akasema. Kisha akauliza, "Chausiku hajambo?"

"Hajambo, mwanangu. Anakamata panya."

Akatabasamu kidogo... Kesho yake tukamzika.

Sada hajanitazama usoni mpaka leo. Mimi nimemwachia Mungu.

Wasomaji, paka haiti mauti. Ananusa kile ambacho pua zetu hazikifikii, basi! Kidonda kisichopona, kapimeni sukari kwanza, msikimbilie kutafuta mchawi. Na bibi kizee mwenye macho mekundu hajamroga mtu. Ni moshi wa kuni, miaka yote anawapikia ninyi!

Tangu juzi Chausiku ananilalia mimi, tumboni, pahala pamoja tu. Sikumsukuma. Kesho asubuhi najifunga kanga yangu, nakwenda kupima.