Madirisha Manane ya Curtis

Wizi uligunduliwa Jumapili, ibada ilipokwisha. Madirisha manane mapya, ambayo hayajapachikwa, yalikuwa yametoweka kwenye baraza lililozungushiwa wavu tu, nyumbani kwa wazee Ardis na Verlyn Moen, na theluji ilikuwa njiani.

Inspekta Renae Sletten alipofika, Curtis, mtoto wao aliyekwisha kuwa mtu mzima, alikuwa ameshapata mwizi wake.

"Ni Duane, fundi. Kesho alikuwa aje kuyapachika. Nani mwingine alijua yapo? Mkamate!"

Duane alikuwa amenywea kando ya gari lake. Mji wao ni mdogo. Maneno ya Curtis yangetosha kumkosesha kazi maisha.

"Uliyaona mwisho lini, Curtis?"

"Asubuhi hii, nikienda kanisani."

"Duane alikuwa kwenye kwaya. Nilimwona, na ubeti wa pili alitupoteza wote."

"Basi alituma watu!"

Inspekta alikagua baraza. Komeo halikuvunjwa, wavu ulikuwa mzima. Ila mablanketi ya sofa hayakuwepo. Mwizi gani huyo anayeazima blanketi la mwenye nyumba ili vioo visikwaruzike? Nje, nyayo za watu wawili zilikuwa zimekanyaga nyasi zenye umande ulioganda hadi kwenye kibanda cha Mzee Verlyn cha kuvulia samaki barafuni, kinachosubiri ziwa ligande kikokotwe juu yake. Nyayo za mmoja zilikuwa za kuburuza, kama za mtu anayepapasa ardhi.

Alirudi jikoni, Duane na Curtis nyuma yake. Mama Ardis alimmiminia kahawa. Mumewe Verlyn, aliyepofuka miaka mingi iliyopita, alikuwa ameketi kitini.

"Nani aliyachagua madirisha?"

"Mimi," Curtis alisema. "Zawadi yangu. Kila moja lina vioo vitatu vya kuzuia baridi, na hayafunguki kamwe. Wazee watakaa barazani hata Januari."

"Uliyapenda, Mama?"

"Mazuri sana," Ardis alikiambia kikombe chake.

Inspekta alizaliwa hapohapo. Mama yake alikalia sofa asilolipenda hadi akafa, kisa lilikuwa zawadi ya shemeji. Huku kwao, kumkatalia mtu zawadi usoni ni ukatili.

"Mama Ardis, nifungulie kile kibanda."

Bibi akaweka birika chini.

"Ni mimi. Niliyahamisha mlipokuwa kanisani. Yamo humo, salama. Nilitaka theluji itangulie, kazi iahirishwe. Hadi theluji iyeyuke ningekuwa nimepata namna ya kumwambia Curtis."

"Kuniambia nini?" Curtis alishtuka.

"Baba yako haoni, mwanangu. Baraza ndilo macho yake. Pale anasikia bata wakihama, anasikia barafu ikilia ziwani. Ukimfungia kwa kioo kisichofunguka, anabaki na nini?"

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Curtis aliketi, uso umemwiva. Inspekta hakumaliza.

"Dirisha moja hubebwa na watu wawili. Nani alishika upande wa pili?"

Macho ya Curtis yalimrudia Duane.

"Mwache fundi wa watu," Verlyn alisema, akiinua mkono. "Ni mimi. Nani angemshuku kipofu?"

"Baba! Yote manane?"

"Mama yako anaongoza, mimi nabeba. Alinigonganisha na mlango mara moja tu."

Duane ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Curtis akasimama, akamshika mkono.

"Nimekukosea sana, Duane. Nisamehe."

"Yamekwisha. Na kwa kuwa hayajakwaruzwa, dukani watatubadilishia. Yapo ya vioo vilevile, ya bawaba."

Inspekta alifunga kalamu yake. Hakuna sheria inayomkamata mtu kwa kujiibia, na hakuna kesi aliyowahi kuifunga kwa moyo mweupe kama ile.

Curtis alichuchumaa mbele ya baba yake.

"Basi chagua wewe, Baba. Unataka yapi?"

"Yanayofunguka," Verlyn alisema. "Na siku ya kuyapachika, nataka kushika ncha moja."

"Utashika, Baba. Mimi nitashika nyingine."